Patasi ya fundi Kibwana

Saa moja asubuhi, fundi Kibwana Twalibu anamaliza kukata ulimi wa mbao ya mninga. Anaupuliza vumbi, anaukagua, kisha ananyoosha mkono kuupeleka ng'ambo ya benchi. Hakuna wa kuupokea. Anaurudisha taratibu na kuuweka chini, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

"Kila siku nafanya hivi," anasema, bila kunitazama.

Kibwana, mwenye miaka 61, ni seremala wa Matombo, wilaya ya Morogoro. Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Kwa miaka 24 alifanya kazi humo na mkewe, Mwanaheri, aliyefariki Ramadhani ya mwaka jana.

Waligawana kazi kwa namna yao. Ili mbao mbili zishikane bila msumari, moja hukatwa ulimi na nyingine huchimbwa tundu. Mafundi wengi huanza na tundu, kisha huuchonga ulimi mpaka uingie. Kwa hao wawili ilikuwa kinyume: Kibwana alikata ulimi, Mwanaheri akachimba tundu la kuufuata. Watu waliwacheka, ila milango yao haikuwahi kulegea.

Sasa Kibwana anafanya vyote peke yake, na bado anaanza na ulimi. Mazoea yana taabu. Juni alitengeneza mlango wa kwanza kati ya mitatu aliyoagizwa na mwalimu Editha, jirani anayejenga. Tundu lilizidi upana, mlango ukacheza. Aliuvunja mwenyewe kabla mwalimu hajauona.

Mwalimu Editha amempa hadi mwisho wa Agosti. Zaidi ya hapo atanunua milango ya kiwandani, na Kibwana anasema wazi kwamba hilo likitokea atafunga karakana.

Patasi ya marehemu haifai tena. Imenolewa miaka mingi mpaka imebaki fupi kama kidole. Ndipo binti yao Zuhura, muuguzi wa Dodoma, alipomtumia shilingi milioni moja na laki mbili anunue mashine ya kuchimbia matundu. Inabana mbao yenyewe, na tundu linatoka kwa dakika mbili.

Mara mbili Kibwana alishuka mjini kuitazama, dukani kwa Bharat, muuza vifaa asiyeishiwa maneno. Bharat aliiwasha, akachimba matundu manne huku wakizungumza, au tuseme huku wakijaribu kuzungumza. Mara ya pili Kibwana alitoka na patasi mpya, nene, ya nusu inchi, kwa shilingi elfu kumi na nane. Bharat alimwambia anarudi nyuma wakati wenzake wanakwenda mbele.

Zuhura alikasirika zaidi. Alimpigia simu kumuuliza kama mkono wake utaiweza kazi hiyo, na pesa yote ile anaitunzia nini. Kibwana alimjibu kwamba atamrudishia.

Tangu hapo anajifunza kuchimba, uzeeni, kwenye vipande vya mbao mbovu. Kumi na kimoja vimeenda jikoni kuwa kuni. Cha kumi na mbili kilishika barabara, akakaa nacho mkononi muda mrefu. Mpango wake ni kuanza upya mlango wa mwalimu wiki hii, safari hii kwa kutanguliza tundu.

Namuuliza kwa nini aliiacha mashine, na pesa alikuwa nayo.

"Ile mashine ni nzuri, sina neno nayo. Lakini ina kelele. Alipokuwepo Mwanaheri, watu walikuwa hawakatiki hapa. Sasa siku nyingine anapita mmoja tu. Huyo mmoja akipiga hodi mara tatu asisikie mtu, anakwenda zake. Mimi nitakuwa humu ndani, na nisijue kama alikuja."