Mwewe Hakuiona Damu Yake Kwenye Galoni Jeusi

Ni saa moja kasoro robo asubuhi, na Mwewe ameshika kipago cha kwanza cha ngazi. Anatazama juu, anashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kupanda na kushuka, ndipo anaanza. Ni vipago mia moja arobaini na vinne. Huko mwisho kuna kibanda cha vioo, kiti kimoja, mikono miwili ya kuendeshea kreni, na redio ya mkononi isiyojua kunyamaza.

"Mwewe, umefika? Nondo zinakungoja," redio inasema kabla hajakaa sawasawa.

"Niacheni nivute pumzi, jamani. Mbawa zenyewe sina."

Chini mafundi wanacheka. Jina hilo walimpa wao, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa kuwa kazi yake ni kukaa angani na kunyakua vya chini. Ana miaka arobaini na saba, mke, watoto watatu, na mama mzazi anayeishi naye. Ni mtu wa utani. Ila mwaka huu utani unamtoka kwa taabu, na ngazi ambayo zamani aliipanda kwa mkupuo mmoja sasa anapumzika mara mbili njiani.

Opareta akishapanda, hashuki mpaka chakula cha mchana. Kushuka ni dakika kumi, kupanda ishirini, na muda wote huo wanaume thelathini wamesimama mikono kiunoni, ndoano inaning'inia. Kwa hiyo maopareta hunywa maji kidogo sana, na haja ndogo huimaliza hukohuko juu, kila mmoja na chombo chake.

Cha Mwewe kilikuwa galoni jeusi la oili ya injini, la lita tano, lililooshwa vizuri. Mbona jeusi?

"Heshima," anasema. "Nishuke na chupa nyeupe mbele ya mafundi, nipishane na mama anayetupikia? Aibu hiyo ningeiweka wapi? Jeusi halimwonyeshi mtu kitu."

Kweli, halikumwonyesha mtu kitu. Hata mwenyewe halikumwonyesha. Nyumbani choo kiko uani na hakina taa. Anatoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia. Ikapita miaka mitatu mtu mzima hajui mkojo wake una rangi gani.

Mwaka jana mfuniko wa galoni ulipasuka. Siku hiyo akatumia chupa tupu ya maji ya kunywa. "Nilipoiinua niifunge, nikaona kama maji yaliyosuuziwa nyama. Nikamwambia wa kwenye redio asubiri, upepo umezidi. Upepo wenyewe haukuwapo."

Hakuwa na maumivu yoyote. Na hapo ndipo wanaume wanapopotelea, kwa sababu wamezoea kwamba kisichouma si ugonjwa.

Mtu pekee aliyemdokezea ni mchomeleaji wa pale saiti, anayeitwa Cheche. Naye alimjibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hilo ni jua la huko juu, kaka. Kunywa maji, litakwisha."

Akanywa maji, galoni akaliacha, akawa anatumia chupa nyeupe ili aone. Baada ya siku mbili mkojo ukawa safi, akashukuru Mungu. Wiki tatu baadaye damu ikarudi, ikakaa siku moja, ikaondoka tena. Ikaenda hivyo miezi minne, na kila ikiondoka Mwewe anajiambia amepona. Yeyote anayesoma haya na kumbukumbu imemgusa, ajue kuwa damu ikiondoka si kwamba ugonjwa umeondoka.

Kilichomfunga mdomo ni mkewe. Aliogopa kuulizwa ameutoa wapi ugonjwa wa sehemu hizo. Basi akaanza kufua nguo zake za ndani mwenyewe, mlango wa bafu ameufunga. Akasahau kwamba nyumba ile ina mama.

"We, tangu lini unafua?" mama akauliza mlangoni.

"Mama, mimi mtu mzima."

"Umekuwa mtu mzima jana? Soksi zako nazifuata mimi chini ya kitanda. Lete hiyo ndoo."

"Mama, niache bwana."

"Nimekuogesha kwa mikono hii, unanificha nini? Lete ndoo!"

Maji ya ndoo yalikuwa yamegeuka rangi. Mama hakupiga kelele. Aliketi palepale kizingitini, maana hata marehemu mumewe alianza kwa kuficha, akaja kusema siku ambayo hakuweza tena kusimama. Akamwita mkwewe.

"Mama watoto, njoo. Leo usimwulize maswali ya ugomvi. Mumeo anaumwa."

Mke aliitazama ndoo, akamtazama mume. "Ulidhani ningekufukuza?"

"Nilidhani utadhani."

"Ningedhani, ndiyo. Ningekasirika siku mbili. Ya tatu ningekupeleka hospitali."

Kesho yake alikuwa kwenye benchi la kliniki ya wanaume, mama upande huu, mke upande ule, kama mshitakiwa kati ya askari. Daktari alikuwa binti mdogo, wa kumwamkia shikamoo. Mwewe anasema alitamani sakafu ipasuke.

"Uliona damu mara ya kwanza lini, mzee?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita kweli?"

"Miezi minne."

"Na kabla ya hapo ulikuwa safi?"

Ndipo ikabidi alieleze lile galoni. Daktari akaweka kalamu mezani. "Kwa hiyo kabla ya hapo hujui."

"Sijui, daktari." Mpaka leo, anasema, jibu hilo ndilo linalomchosha kuliko ngazi.

Aliulizwa pia kuhusu sigara. Alikuwa anamaliza pakiti moja kwa siku tangu ujana. Walimpima mkojo, wakampiga picha, wakaingiza kamera nyembamba mpaka kwenye kibofu. Kulikuwa na uvimbe, na ulikuwa saratani. Ulitolewa bila kukatwa tumbo, akawekewa dawa ndani ya kibofu wiki sita mfululizo. Daktari alimwambia ana bahati, haukuwa umezama kwenye nyama ya kibofu. Lakini uvimbe wa aina hiyo una tabia ya kurudi, kwa hiyo kila miezi mitatu lazima kamera ichungulie tena.

"Waambie na wenzako," daktari alimwambia siku ya kumruhusu. "Damu ni safari ya hospitali, hata ikitoka mara moja, hata isipouma. Mkojo ukichoma, au ukitoka na usaha, njoo, na mwenzi wako aje. Kusimama chooni dakika nzima unaungoja mkojo, unatoka kwa kukatakata, usiku unaamka mara nne, usiseme ni uzee. Kokwa ya korodani ikiwa na kivimbe, hata kisichouma, njoo. Nguvu za kiume zikikuishia wiki nenda wiki rudi, usikimbilie vidonge vya vichochoroni, huenda ni sukari au moyo. Na mambo mawili hayangoji kesho: mkojo kuziba kabisa, na kokwa kuuma ghafla. Hayo unayakimbilia saa ileile."

Mwewe aliyasikia yote. Hata hivyo kipimo chake cha kwanza alikikosa. Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la sakafu ya tisa, msimamizi akamwomba aahirishe, akakubali. Miezi mitatu ikawa mitano. Mama yake hakuzungumza naye wiki nzima.

Kipimo kipya ni kesho. Na kesho, kama vile kumekaliwa kikao, zege linamwagwa sakafu ya kumi na moja.

Saa kumi na moja jioni anashuka, anamfuata msimamizi mwenyewe.

"Bosi, kesho sipo."

"Mwewe, usinifanyie hivyo. Hospitali haihami."

"Haihami, ndiyo. Mimi ndiye naweza kuhama."

"Na zege langu?"

"Tafuta opareta wa siku moja. Kibofu cha akiba mimi sina."

Msimamizi anavua kofia, anajikuna kichwa. "Haya nenda. Keshokutwa nikuone."

Mwewe anatembea taratibu kuelekea getini. Anachokitaka sasa ni miaka miwili ambayo kamera itachungulia isione kitu, ndipo vipimo vipunguzwe. Amechoka kuhesabu miezi. Nyuma yake anasikia viatu vizito vya Cheche. Cheche ambaye mafundi humtania kuwa akienda nyuma ya mabati anamwagilia shamba zima, kwa jinsi anavyokawia.

"Kaka, huyo daktari wako ni mwanamke kweli?"

"Mwanamke."

"Kijana?"

"Mdogo kwa binti yako."

Cheche anatema mate pembeni, anatazama chini. "Anauliza sana?"

"Anauliza. Mjibu ukweli tu, mimi nilianza na uongo."

Getini Cheche anasimama.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mlangoni kwangu. Ukichelewa nakuja kukugongea, na shemeji akiuliza nimefuata nini, nitamwambia."