Klementina Kwenye Geti la Mpakani

Lori lililowapakia Mbala, Zambia, liliwashusha mbele ya geti, likageuza, likarudi lilikotoka. Vumbi lilipotulia, Klementina alijikuta amesimama na watoto wake wawili, sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, cherehani ya mkono na kikapu chenye kuku. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na tano. Upepo mkavu wa baridi ulivuma kutoka nyanda za Ufipa, ukaichezesha bendera juu ya nyumba ndogo ya bati. Ng'ambo ya geti ndiyo ilikuwa Tanzania. Aliangaza macho huku na huko akimtafuta mumewe. Hakumwona.

Mumewe, Gaudensi, alikuwa Mfipa wa Kantumba, kijiji kidogo upande wa Mwazye. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye migodi ya shaba ya Mufulira, na huko ndiko alikomwoa Klementina, binti wa Kibemba. Kifua kilipoanza kumsumbua alipumzishwa kazi. "Tutarudi kwetu," alimwambia mkewe, na Klementina akacheka, maana huko anakoambiwa atarudi hakuwahi kukanyaga. Wakakubaliana kwamba Gaudensi atangulie baada ya Pasaka akajenge nyumba, na mkewe afuate na watoto karanga zikishavunwa. Wakapanga na siku. Angewapokea getini.

Klementina akangoja mpaka jua likawa la utosi. Mwishowe akamfunga vizuri mgongoni Clemens, mtoto wake mdogo, akamshika mkono Kalista, yule mkubwa, akaingia ofisini.

Ndani kulikuwa na meza mbili. Ya kwanza ilikuwa ya afisa wa uhamiaji, Zubery, mtu wa Tanga, aliyevaa sweta nzito chini ya koti la kazi na bado akawa anasugua viganja. Ya pili ilikuwa ya afisa wa forodha, Basil, mwenyeji wa Laela, huku huku Ufipa. Klementina akapiga magoti mlangoni, akapiga makofi taratibu. "Mwapoleni, mukwai," akasema.

Zubery akanyanyuka kwenye kiti kama aliyechomwa mwiba. "Ah, mama, inuka, inuka! Hapa sisi ni ndugu, hatupigiani magoti."

Klementina hakuelewa hata neno moja. Aliona tu kwamba mwenye ofisi amesimama na sauti imepanda, akadhani amekosea adabu, akainama zaidi.

Basil akacheka. "Ndugu Zubery, hiyo ni salamu. Hata mama yangu kule Laela husalimia hivyo hivyo. Mwitikie tu, atainuka."

"Naitikiaje?"

"Piga makofi na wewe."

Zubery akapiga makofi, polepole, kwa aibu kidogo. Klementina akainuka.

Basil alikijua Kibemba cha kuokoteza, kile cha wasafiri na wauza samaki, na ndicho kilichowasaidia siku ile. Zubery alizipitia hati za kusafiria na cheti cha ndoa, akavitazama kwa mbele na kwa nyuma, akaridhika. Kisha akauliza swali la kawaida, lile analomwuliza kila mtu.

"Mnakwenda kijiji gani?"

"Kantumba," akajibu Klementina, akafurahi kwamba walau swali hilo amelielewa mwenyewe.

Maafisa wale wawili wakatazamana.

"Mwambie," Zubery akasema.

Basil akahamia Kibemba chake, akitafuta maneno. "Mama, Kantumba haipo. Watu wamehamishwa mwaka jana, wamepelekwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Kantumba sasa ni nyasi tu."

"Wamepelekwa kijiji gani?"

"Wengine huku, wengine kule. Siwezi kukudanganya."

Klementina akamvuta Kalista karibu yake. Gaudensi hakuwa ameandika tangu aondoke, lakini hilo halikumshangaza, Gaudensi hakuwa mtu wa barua. Sasa akaanza kujiuliza kama mumewe naye alifika akakuta nyasi.

"Mama, sikukatalii," Zubery akasema, na Basil akatafsiri. "Hati zako ni safi. Lakini siwezi kugonga mhuri nikakuachia na watoto wadogo, uende mahali pasipokuwepo, kwa mtu asiyejulikana alipo. Nitaulizwa. Na nisipoulizwa, mimi mwenyewe sitalala. Ngoja hapa hapa. Akija mtu wa kukupokea, mnaondoka."

"Na asipokuja?"

Zubery akamrudishia hati zake.

Basil naye akafanya kazi yake. Akafungua sanduku la bati, akatoa mablanketi, sufuria, nguo za watoto, picha ya Bikira Maria iliyoviringwa kwenye khanga. Kila kitu alikirudisha kama alivyokikuta, na Klementina aliyaona hayo. Akaikagua cherehani, akauliza kama ni ya kuuza. Klementina akamwonyesha gurudumu lilivyochakaa rangi mahali anaposhika kila siku, akamgeuza Kalista ili gauni alilovaa lionekane. Basil akaipitisha. Kisha akakifikia kikapu.

"Kuku haingii," akasema.

Kalista alikuwa na miaka minane, na yule kuku alikuwa wake tangu kifaranga. Alimtazama mama yake.

"Kwa nini?" Klementina akauliza.

"Kideri. Kuku wa nchi moja akivuka na ugonjwa, kuku wa wilaya nzima wanakwisha. Ni amri, mama, si mimi."

Kalista hakulia. Alikichukua kikapu, akatoka nje, akaketi upande wa Zambia wa lile geti, akakipakata. Basil alimtazama kupitia dirishani kwa muda. Mwishowe akatoka, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia, "Sikiliza. Ninyi hamjaingia bado, na yeye hajaingia bado. Mkiwa hapa mnangoja, na yeye anangoja. Tumeelewana?"

Kwa hiyo kuku akangoja pamoja nao, amefungwa mguu kwa kamba chini ya mchongoma, akidonoa pumba.

Zaitun, mke wa Zubery, ndiye aliyewapa mahali pa kulala. Kulikuwa na stoo nyuma ya nyumba yao ya serikali. Akaitoa majembe na madebe, akatandika majani makavu, wakaweka godoro juu yake. Zaitun alikuwa mgeni Ufipa kama Klementina alivyokuwa mgeni Tanzania. Baridi ilimpasua midomo, na wanawake wa vijiji vya karibu walipokuja kuuza maharage wakasemezana Kifipa, yeye alibaki akitabasamu tu. Asubuhi iliyofuata alimkuta Klementina amekwisha kufagia uwanja wote.

"Wewe ni mgeni, dada," akamwambia. "Mgeni hafagii."

Klementina akaonyesha kwa ishara kwamba mikono yake haijui kukaa bure. Zaitun akaleta mapazia aliyotoka nayo Tanga, marefu mno kwa madirisha ya huku, akayaweka mbele ya cherehani. Wakashinda hivyo, mmoja akizungusha gurudumu, mwingine akivuta kitambaa, wakifundishana majina ya vitu. Uzi. Sindano. Dirisha. Mvuke wa uji. Jioni Klementina alikuwa na maneno ya kutosha kusema, "Kesho mume yangu anakuja," na Zaitun akamsahihisha, "Mume wangu," huku naye akijiuliza kama ni kweli.

Lakini mume hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Klementina alikuwa na kawaida ya kutoka hadi barabarani kila aliposikia injini. Zilikuwa chache. Alianza kuwaza namna ya kurudi Mufulira. Nyumba ya kampuni walikwisha kuiachia, na kaka yake alikuwa na watoto saba kwenye vyumba viwili. Mawazo hayo hakumwambia mtu. Watoto wakilala alikuwa anawapangia maisha upya kichwani, mara huku, mara kule, na kila alipofika mahali fulani mpango ulikatika.

Basil hakuwa amekaa bure. Siku ile ile ya kwanza alikuwa amemsimamisha Selemani, mfanyabiashara wa Majengo, Sumbawanga, aliyepita na lori lake kutoka mpakani kwenda mjini. "Ukifika njia panda ya Mwazye," akamwambia, "usipite hivi hivi. Ingia misheni. Waambie mke wa Gaudensi, yule wa migodini, yuko getini na watoto wawili." Selemani alikuwa Mwislamu safi, na msikiti wake hakuukosa, lakini aliacha barabara yake, akaingia misheni ya Mwazye, akaufikisha ujumbe kwa katekista. Jumapili, misa ilipokwisha, tangazo likasomwa.

Selemani aliporudi mpakani na shehena yake, kando yake mbele alikaa mwanamke mrefu, mweusi tii, amejifunga khanga mbili na shuka begani. Alishuka kabla lori halijasimama sawasawa.

"Mimi ni Fransiska," akamwambia Zubery mlangoni, kwa Kiswahili chenye Kifipa ndani yake. "Dada yake Gaudensi. Nimekuja kumchukua wifi yangu."

"Karibu, mama. Gaudensi mwenyewe yuko wapi?"

"Hospitali ya Sumbawanga. Alikuwa anaezeka nyumba ya mke wake, akaanguka, mguu ukavunjika. Tangu siku ile anasema 'mke wangu, getini, mke wangu, getini,' nasi tukafikiri ni homa."

Basil akamtafsiria Klementina. Klementina akakaa chini pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa viganja. Kisha akauliza, "Yu hai?"

"Yu hai, na anakula cha watu wawili," Fransiska akasema.

Zubery alifurahi moyoni, lakini alikuwa mtu wa kazi. "Mama Fransiska, huyu wifi yako umewahi kumwona?"

"Leo ndiyo namwona."

"Sasa unajuaje kwamba ndiye?"

Fransiska akamtazama kama mtu anayeulizwa kama jua linachomoza. Akanyoosha kidole kwa Clemens, aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. "Mwangalie mtoto huyo masikio."

"Masikio hayatoshi kwenye kazi yangu," Zubery akasema. "Nitawauliza maswali. Kila mtu peke yake. Usione vibaya."

Fransiska akatolewa nje. Klementina akaulizwa jina la mama mkwe, akalitaja. Akaulizwa mumewe amefuatana na nani kuzaliwa, akajibu. Akaulizwa kama mumewe ana alama yoyote mwilini.

"Kovu," akasema, akijigusa juu ya nyusi. "Aliparurwa na chui akiwa kijana. Alikuwa analinda mbuzi wa baba yake, akapambana naye kwa fimbo mpaka chui akakimbia."

Basil akatafsiri kwa heshima kubwa. Kisha Fransiska akaitwa ndani, Klementina akatolewa. Jina la mama likaafikiana. Kuzaliwa kukaafikiana.

"Na alama mwilini?"

"Ana kovu hapa, juu ya nyusi."

"Lilitokana na nini?"

"Mapera ya misheni," Fransiska akasema. "Alipanda kuiba, padri akatokea, akaruka, akaangukia ukingo wa ndoo. Mimi ndiye niliyekuwa chini nakinga khanga."

Zubery akamtazama Basil. Basil akatazama dari. Kisha wote wawili wakashindwa kujizuia. Wakamwita Klementina, na Basil akamweleza habari ya mapera, huku sauti ikimkatika.

Klementina alikumbuka mara ngapi aliwasimulia watoto habari ya chui yule wakikataa kulala, na jinsi Gaudensi alivyomsimulia baba mkwe siku ya posa, na mzee akatikisa kichwa akasema, huyu ni mwanaume. Kicheko kikamtoka kutoka chini kabisa, kikamtikisa hata Clemens mgongoni akaamka. Fransiska naye akacheka, akamshika mabega, na hapo ndipo wawili wale waliposalimiana, kwa magoti na makofi, mmoja kwa Kibemba, mwingine kwa Kifipa, kila mmoja akimsikia mwenzake nusunusu.

Zubery akagonga mhuri. Akamweleza Klementina kwamba kibali ni cha muda, na kwamba baada ya kufika lazima aende ofisi ya Sumbawanga akaandikishwe. Akarudia mara mbili.

Kukabaki kuku. Kalista alikuwa amekwisha kumfungua kamba. Upande wa Zambia wa geti palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anawauzia wasafiri mihogo ya kuchemsha, na siku zote zile alikuwa akimtupia yule kuku maganda. Kalista alitembea mwenyewe hadi kwake. Walimwona akimkabidhi kikapu, akizungumza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono ukubwa wa kitu fulani, labda kiota. Bibi aliitikia kwa kichwa kila jambo. Kalista akarudi mikono mitupu, akapita chini ya geti bila kugeuka, akapanda kwenye lori. Basil akamnyanyulia mama yake Kalista sanduku la bati, akalipandisha mwenyewe.

Selemani aliwapitisha Matai, akaacha barabara kwa mara ya pili, akawafikisha kijijini jua likiwa bado liko juu. Nyumba za kijiji kipya zilisimama kwa mistari, tope lake halijakauka sawasawa, na kati yake hapakuwa na mti hata mmoja wa kivuli. Nyumba ya Gaudensi ilikuwa na paa upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki fito tupu, pale alipoangukia.

Majirani wakatoka. Mwenyekiti wa kijiji akasalimia, akasema vijana watamalizia kuezeka kesho, na kwamba Jumatano kuna gari la kwenda Sumbawanga, atamwona mumewe na ataandikishwa safari hiyo hiyo. Klementina akaelewa "Jumatano" na akaelewa "mumewe". Akamlaza Clemens kwenye godoro upande wenye paa, akamfunika. Akazunguka nyumba mara moja, akagusa ukuta kwa kiganja, akarudi.

"Wifi," akamwambia Fransiska kwa maneno aliyofundishwa na Zaitun, "maji, wapi?"

Fransiska akachukua ndoo mbili, akampa moja, wakashuka bondeni.