Mkebe wa Udongo kutoka Clonmacnoise

Sikwenda Ireland kutalii. Bi Nora, mwenye nyumba yetu pale Small Heath, alikuwa anakufa, naye hakutaka kuzikwa Birmingham bila konzi moja ya udongo wa kwao. Ukoo wake umelazwa Clonmacnoise, kwenye magofu ya watawa wa kale, na kwao waliamini kwamba udongo wa kikanisa cha mtakatifu wa pale hulinda mashamba na humsindikiza maiti. Hakuwa na mtoto. Mimi nilikuwa mpangaji wake wa miaka minne, muuguzi, na miaka yote minne alinigombeza kwa jambo moja tu: viatu. Tope halikuvuka kizingiti chake.

Wanjiru, mwenzangu wa chumbani, alinicheka. "Uko na off ya siku tatu, halafu unaenda kuchota mchanga? Si ulale tu!"

Alisema kweli. Nilikuwa nimetoka zamu saba mfululizo, miguu imevimba kama maandazi. Lakini mwaka uliotangulia mama yangu alizikwa Taita, na barua ya kaka ikanifikia wiki tatu baadaye. Udongo wa mkono wangu haukuanguka juu ya jeneza lake. Jambo hilo lilinila moyo, na aliyelijua ni Bi Nora peke yake. Aliponipa mkebe mtupu wa majani ya chai, ningekataaje?

Ijumaa nilipanda treni New Street, nikabadilisha Crewe, nikafika bandari ya Holyhead. Ndani ya meli nililala nimekaa, kichwa begani kwa mama mmoja nisiyemjua. Hakunisukuma, Mungu ambariki.

Jumamosi asubuhi Dublin ilikuwa mvua tupu. Nilichukua basi hadi Athlone, na kutoka hapo dereva wa lori la maziwa akanibeba. Aliniuliza natoka wapi. "Birmingham," nikasema, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kueleza Taita.

"Dada yangu yuko huko!" akafurahi. "Utamsalimia."

Saa nane mchana nikafika. Mto Shannon unapita pembeni, polepole, na juu ya ukingo pana makanisa yasiyo na mapaa, misalaba mirefu ya mawe na mnara wa duara. Mlinzi wa pale alikuwa mtu mwenye mafua makali, akasimulia huku akipenga kamasi.

Mwanzoni, alisema, palikuwa na watu wachache na kanisa la miti. Pakakua pakawa mji: wanafunzi, wahunzi, wanakili wa vitabu, na wafalme wakiletwa kuzikwa. Wakaja watu wa kaskazini kwa majahazi, wakachoma. Wafalme wa Ireland yenyewe nao wakachoma.

"Hata watawa wa nyumba nyingine walipigana na watawa wa hapa," akasema.

"Watawa?"

"Kwa silaha, dada."

Radi ilikata kichwa cha mnara. Mwisho askari wa Kiingereza wakatoka Athlone, wakabeba kengele na hata vioo vya madirisha. Nilichoka kwa niaba ya watu wale. Mara ngapi walichomewa, wakaamka kesho yake kusali na kujenga? Asubuhi za namna hiyo nazijua.

Nikatoa mkebe wangu. Mlinzi akatikisa kichwa, akanionyesha sakafu ya kile kikanisa. Ilikuwa imezama chini kuliko ardhi ya nje.

"Kila mmoja alichota konzi moja tu," akasema. "Sasa kuta zitasimama juu ya nini?"

"Lakini yeye anakufa!"

"Wote wanaokuja hapa wana mtu anayekufa."

Nikalia, sioni haya kusema. Naye, labda kwa huruma, akanipeleka kwenye mabamba ya makaburi ya kale. Kila bamba lina msalaba na jina, na maneno ya kuomba sala kwa ajili ya mwenye jina. Mengi hayana zaidi ya hayo. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamwombea Bi Nora. Kisha, bila kupanga, nikamtaja mama yangu, Mghoi, kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile barua.

Jumapili jioni niliingia Small Heath nikiwa sijiwezi. Nikaenda moja kwa moja kitandani kwa Bi Nora.

"Umeuleta?"

"Walinikatalia, Bi Nora. Nimekuombea tu."

Macho yake yakashuka, yangu yakayafuata: nilikuwa nimevuka nyumba nzima na viatu vyangu, tope la Clonmacnoise limekaukia pembeni mwa soli. Nikainama kuvivua, naomba radhi.

"Usiviguse," akasema. "Lete kisu cha siagi."

Nilikwangua juu ya gazeti mpaka ukapatikana udongo wa kijiko kimoja. Bi Nora akautazama sana.

"Nusu ni ya mama yako," akasema.

Tulimzika kabla mwezi haujaisha. Niliumwaga wote juu ya jeneza lake, nikataja majina mawili. Watawa wale walinifundisha jambo hilo tu: huwezi kumlinda mtu na moto wala radi, lakini unaweza kulitaja jina lake.

Nilirudi nyumbani, nikavua viatu kizingitini, nikavifuta vizuri. Hakuna aliyenigombeza.