Jumamosi ya Baiskeli ya Dada Mwajuma

Mafuta ya nazi yakilala kwenye chuma hunuka tofauti na yakiwa kichwani mwa mtu. Ya kichwani ni matamu. Ya kwenye chuma huchacha, hushika vumbi, na jua likiyapiga hunuka kama sufuria iliyosahauliwa nje. Uani kwetu Temeke, msimu ule masika yalipokwisha, harufu hiyo ilikuwa ndiyo ya kuamkia, kwa sababu baba alikuwa akilainisha mnyororo wa baiskeli ya Dada Mwajuma kwa mafuta ya nywele ya mama. Grisi ilikuwepo bandarini alikofanya kazi, lakini grisi ya bandarini ilikuwa ya bandarini, na baba hakuwa mtu wa kupita getini na kitu kisicho chake. Basi mama anaificha chupa, baba anaitafuta, na mie ndiye niliyejua iko wapi, nyuma ya mtungi, maana mimi ndiye niliyetumwa kuificha na ndiye niliyetumwa kuileta.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya miguu mitatu. Aliiunda fundi Hamisi Mbonde wa Buguruni kutoka kwenye baiskeli mbili zilizokufa. Pedali alizipandisha juu, mbele ya kifua, ili mtu akae na kuzizungusha kwa mikono. Dada Mwajuma alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Alipokuwa mdogo, kabla sijazaliwa, alishikwa na homa ya siku nne, na homa ilipoondoka ilimwachia miguu isiyombeba. Wakati ule tulisema kiwete. Mama alisema, majirani walisema, hata Mwajuma mwenyewe alisema, na hakuna aliyesita, kama mtu anavyosema huyu mrefu, huyu mfupi. Uani alikwenda kwa mikono. Baba alimkatia vipande viwili vya tairi kama ndala akawa anavivaa viganjani, na nawaambieni, hapakuwa na mtoto mtaani aliyeweza kumkimbia. Ukimchokoza ukadhani umefika mbali, unasikia tap tap tap ya tairi nyuma yako, na umekwisha kushikwa kisigino.

Alisoma kwenye kituo cha watoto kama yeye, si mbali na nyumbani. Mwaka ule vituo kadhaa vya mjini vilikubaliana kushindana kwenye uwanja mmoja wa shule kule Kinondoni. Mashindano yalipangwa kwa Jumamosi tatu: ya kwanza mbio za kutambaa, ya pili kutupa mpira, ya tatu baiskeli. Mwalimu Kondo, aliyekuwa msimamizi wao, alileta karatasi nyumbani mwenyewe, akaisoma, akasema wazazi wanaombwa waje. Hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu baba aliruhusiwa Jumamosi moja tu kwa mwezi, na mama hakukubali twende bila baba. Ilikuwa lazima tuchague.

Tulichagua tukiwa tumekaa mkekani baada ya chakula cha mchana, na aliyezungumza zaidi alikuwa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na kwa shughuli za harusi hakuna aliyemfikia kuanzia Keko mpaka Mtoni. Yeye ndiye aliyejua bi harusi asimame wapi, nani aimbe kwanza, kigelegele kianze lini. Akasema hakuna la kufikiri. "Tunakwenda ya kutambaa. Huko hana mpinzani huyu. Tutakwenda, atashinda, tutarudi tunaimba njia nzima." Baba alitikisa kichwa kukubali. Mama naye akakubali. Mimi nilikwisha anza kuwaza nguo nitakayovaa.

Dada Mwajuma alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Kutambaa mnaniona kila siku hapa uani, bure. Mie nataka mje mnione nikienda."

Shangazi akamuuliza, "Na huko kwenye baiskeli utashinda?"

"Sijui. Kuna Priska wa kituo cha Magomeni. Ana mikono kama ya kuli."

"Sasa twende mpaka Kinondoni tukakuone ukishindwa?"

"Ndiyo," Mwajuma akasema. "Mkiona hivyo, mje mnione nikishindwa. Lakini ile ya kutambaa msije. Mkija nitakaa chini nisiende hata hatua moja, na aibu itakuwa yenu."

Baba alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tutakwenda ya baiskeli," akanyanyuka kwenda kunawa. Kwa baba, neno likishatoka hivyo limetoka. Shangazi alinuna mpaka alasiri. Mimi nilidhani dada yangu amekosa akili. Mtu ana shindano ambalo ni lake tayari, halafu anaita watu kwenye lile asilokuwa na hakika nalo! Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichoomba. Hakutaka kuonekana akishinda kitu ambacho hakukichagua.

Jumamosi ya kwanza alikwenda na wenzake wa kituoni, akarudi jioni na taulo la bluu alilopewa kwa kuwa wa kwanza. Alilitupa kwenye kamba ya kuanikia, akaomba maji ya kunywa, na hakutusimulia lolote. Ya pili alikwenda akarudi mikono mitupu. Kwa wiki zote hizo alikuwa akifanya mazoezi kwenye barabara ya mchanga mbele ya nyumba ya Bwana Gulamu mwenye duka. Mke wa Bwana Gulamu, Bi Sakina, alikuwa akitoka barazani kumtazama, na siku moja akampa baba kichupa cha mafuta ya cherehani. Akasema kwa upole kwamba mtaa mzima unanuka nazi iliyooza. Mama alimshukuru kuliko baba.

Jumamosi ya tatu ikafika. Tulitoka asubuhi, baba kavaa kanzu, mama na shangazi wamevaa kanga za doti moja, mpya, zinakwaruza kwa wanga. Uwanja ulikuwa wa mchanga mweupe, umezungushiwa mstari wa chokaa, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine walikuja kucheka. Nilisikia mwanamume mmoja nyuma yetu akimwambia mwenzake, "Leo tutaona vioja." Baba aligeuka akamtazama tu, yule akahamia upande wa pili. Walioshindana walikuwa watano na nawakumbuka wote: Priska wa Magomeni, Tatu Selemani, Yohana mwenye kofia, Mariamu aliyekuwa na jicho moja, na dada yangu. Walitakiwa kuzunguka uwanja mara tatu. Mwalimu Kondo alishusha kitambaa, wakaondoka.

Sikuwahi kumwona Mwajuma hivyo. Uani nilizoea kumtazama akiwa chini, utosi wake, mabega yake. Pale alikuwa juu, mgongo umenyooka, viwiko vinakwenda kama vya mtu anayesokota kamba, na uso ameufunga kabisa. Mzunguko wa kwanza Priska alikuwa mbele. Wa pili wakalingana. Kwenye kona ya mzunguko wa mwisho Priska alizunguka kwa nje mno, gurudumu likazama kwenye mchanga mlaini, Mwajuma akapita kwa ndani. Watu waliokuja kucheka wakasahau walichokuja kufanya, wakawa wanapiga kelele kama sisi. Ilibaki nafasi ya kutoka hapa hadi kwa jirani afike mstarini. Na mimi nikaona shangazi hayupo pembeni yangu.

Kwetu bi harusi anapotoka, wanawake humtandikia kanga chini apite juu yake, asikanyage vumbi. Ni heshima kubwa, na Shangazi Mwanahawa alikuwa ameifanya mara zisizo na idadi. Furaha ilipompanda hakujiuliza. Alivuka mstari wa chokaa, kigelegele kinywani, akavua kanga ya juu, akaikung'uta na kuitandaza mbele ya baiskeli, vizuri kabisa, bila mkunjo hata mmoja. Gurudumu la mbele likaipanda, upepo ukainua pindo, pindo likaingia kwenye mnyororo, na mnyororo ukaimeza kanga mpaka katikati. Baiskeli ikasimama ghafla. Mwajuma alizungusha mara mbili, mikono haikwenda. Priska akapita. Tatu akapita. Yohana na Mariamu wakapita.

Basi alishuka. Mbele ya uwanja mzima aliteremka mchangani, akaenda kwa mikono mitupu mpaka mbele ya baiskeli, akaishika kanga kwa mikono yote miwili akaivuta, akaivuta, mpaka ikachanika kwa mlio niliousikia nilipokuwa nimesimama. Shangazi bado alikuwa pale, mikono kichwani. Mwajuma akamwambia, na kila mtu akasikia, "Shangazi, nani anaolewa hapa?"

Uwanja ukaangua kicheko. Hata Mwalimu Kondo aligeuza uso. Mwajuma hakucheka. Alipanda tena kwenye baiskeli, pindo la kanga linaning'inia kwenye meno ya mnyororo, akamaliza. Wa tano kati ya watano. Baba alimfuata Mwalimu Kondo kumwomba mbio zirudiwe, akieleza kosa ni la familia, si la mtoto, na Mwalimu alikuwa anaelekea kukubali, maana Priska mwenyewe alisema yuko tayari. Ni Mwajuma aliyekataa. "Mwalimu, andika wa tano. Nimefika wa tano. Hawa wageni wangu hawajui mchezo, na wageni nimewaleta mwenyewe."

Hawakusemeshana, yeye na shangazi, kwa muda wa kutosha mwezi kuandama na kupotea. Shangazi alijaribu kila njia. Alileta mkate wa kumimina, alileta kitambaa cha gauni. Mwajuma alikula mkate, akashona gauni, na hakusema neno. Halafu siku moja shangazi alikwenda mwenyewe kituoni kwa Mwalimu Kondo, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akamwomba amfundishe mchezo: watazamaji wasimame wapi, mtu akipita kwa ndani ni halali au si halali, kona inakatwaje. Aliporudi alimkuta Mwajuma barabarani, mbele ya baraza la Bi Sakina, anafanya mazoezi. Akasimama nje ya njia, mikono kiunoni, akamtazama mizunguko miwili. Kisha akapaza ile sauti yake ya harusini: "Ndiyo maana Priska anakuachaga! Ukifika kwenye kona unalegeza mkono wa kulia! Unaogopa nini, si utaanguka tu?"

Mwajuma alisimamisha baiskeli. "Nalegeza?"

"Unalegeza. Unazungusha kama unakoroga uji wa mgonjwa."

Walibishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na mie nilijua wamepatana. Tangu siku ile shangazi hakumpigia kigelegele tena uwanjani. Alimfokea. Msimu uliofuata Mwajuma alikuwa wa pili, nyuma ya Priska tena, na shangazi alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani, akihesabu makosa ya kila kona, na dada yangu kando yake akijibu moja baada ya jingine, uso unang'aa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile hata siku aliyoolewa.

Hayo ni ya zamani. Baba, mama na shangazi wamekwenda, Mwenyezi Mungu awarehemu. Dada Mwajuma yupo, anaishi Buguruni na mwanawe, ana kiti cha magurudumu kinachokunjika na ulimi usiokunjika. Siku hizi neno ni mtu mwenye ulemavu, na nakubali ni zuri zaidi. Michezo imekuwa mingi, ina makocha na sare, na sioni tena watu wanaokuja kuona vioja. Badala yao naona wengine, wapole, wanaokuja kusikitika. Sijui kama wale ni bora sana kuliko wa kwanza.

Mwezi uliopita Mwajuma alikuja kukaa kwangu, na mjukuu wangu Nuru akaona kwenye simu kuna michezo ya watu wenye ulemavu Jumapili, Kinondoni kulekule. Familia nzima tukakaa kuchagua. Kulikuwa na mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, soka la wanaotumia magongo, na mpira wa wavu wa wanaocheza wamekaa chini. Mkwe wangu Rehema alitaka wa wavu. Alisema kwa moyo safi, "Tumpeleke Bibi Mwajuma akawaone wenzake, atafarijika."

Mwajuma alimgeukia. "Wenzangu kina nani, mwanangu? Wenzangu mie ni wazee wa Buguruni, na hao nawaona kila siku, hawafariji." Watoto wakacheka, Rehema akaona haya. Mwajuma akamwambia Nuru, "Soma tena, mama. Mchezo gani timu zake zinalingana?"

Nuru akapekua, akasema kwenye kikapu timu mbili zimekuwa zikifungana kwa tofauti ndogo. "Basi huo," Mwajuma akasema. Hakuna aliyebisha. Nikawaza kwamba sisi zamani tulikuwa na karatasi moja na Jumamosi moja, na ilibidi mtoto atishie kukaa chini ndipo aulizwe anataka kuonwa vipi. Siku hizi orodha ni ndefu na simu inajua yote, ila la kumuuliza mwenyewe bado linasubiri mtu alikumbuke.

Tulikwenda. Watu walipiga makofi kila mpira ulipodunda, ukiingia au usipoingia. Mwajuma hakupiga. Alikaa ameshika kidevu, anawafuata wachezaji kwa macho. Timu tuliyoishangilia ilikuwa inapoteza mipira ovyo, inachelewa kurudi nyuma, haipeani pasi. Robo ya tatu ilipokwisha dada yangu alifungua breki za kiti chake.

"Tunakwenda wapi, Bibi?" Nuru akamuuliza. "Hawajamaliza."

"Nyumbani," akasema. "Wanacheza vibaya."

Na akatangulia mlangoni, anajisukuma mwenyewe.