Angalia Viatu Vyako

Nakumbuka Jumapili moja ya Februari hapa Umoja, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, damu iliponitoka puani kanisani. Jana yalipokupata hayo hayo shuleni ukaja ukilia kwamba una ugonjwa mbaya, nikaona nikusimulie. Unanijua nilivyo na wasiwasi. Maneno haya nimeyapanga na kuyapangua tangu asubuhi.

Siku hiyo nilikuwa niimbe ubeti wa kwanza peke yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi hadi koo likakauka. Kwaya ilikuwa inajipanga nilipohisi kitu cha moto mdomoni. Akina mama wakanivuta nje.

"Angalia juu! Juu kabisa!"

Mmoja akanimwagia maji baridi utosini. Nikaangalia mawingu kwa utiifu wangu wote, nikimeza damu, mpaka nikaitapika pale ngazini.

"Wuui! Inatoka tumboni! Iteni bodaboda!"

Nilijua nakufa. Na kilichoniuma zaidi, Mungu anisamehe, ni kwamba ningekufa kabla ya kuimba.

Ndipo akatoka Susu, mama wa baba yangu. Laiti ungemwona! Hakukimbia.

"Nani amemwambia aangalie juu? Kuna ndege inapita?" Wakacheka, hata mimi. "Ameimeza, tumbo likaikataa. Wewe, angalia viatu vyako."

Akaketi ngazini na kitenge chake kizuri, akaniinamisha mbele, akanibana pua kwenye nyama laini iliyo chini ya mfupa, akaniambia nipumulie mdomo. Damu ikamchuruzikia kitengeni, hakuitazama.

Mwalimu wa kwaya akachungulia. "Mama, tuendelee bila yeye?"

"Imbeni nyingine. Huyu anakuja."

Kanisa zima likaimba wimbo mwingine, polepole, likinisubiri. Kila nilipotaka aachilie tuone kama imekauka, alikataa. "Ukichungulia, inaanza upya." Kwangu mimi, nisiyeweza kuacha kukagua kitu, hilo lilikuwa gumu kuliko damu yenyewe.

Damu ilipokoma, niliimba kwa pua iliyoziba, kama mwenye mafua. Sikuimba vizuri. Susu alipiga vigelegele tangu neno la kwanza.

Baadaye nilisoma mwenyewe nikaelewa. Mbele ndani ya pua kuna mishipa midogo ya damu chini ya ngozi nyembamba sana. Jua na vumbi la miezi hii huikausha. Ukichokora au ukipenga kwa nguvu, inapasuka. Mara nyingi ni hilo tu.

Kwa hiyo inama mbele, bana dakika kumi bila kuchungulia, na damu ya mdomoni iteme. Ikipita nusu saa, au ikiwa umegonga kichwa, twende hospitali mara moja. Na ikimtoka mwenzako, keti naye kwanza, maswali baadaye.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe moyo mtulivu kuliko wangu, na mikono kama ya Susu.