Rangi Nyekundu kwenye Ramani ya Shamba

Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wachache wa kwanza wa somo jipya chuo kikuu: jinsi mimea, wanyama na udongo vinavyotegemeana, pamoja na upangaji wa mandhari. Nyumbani Eldoret hakuna aliyeelewa ninasomea nini. Mama aliwaambia wenzake kanisani kwamba ninasomea nyasi, nao wakamwonea huruma.

Likizo ya kwanza kila mmoja wetu alitakiwa apime sehemu moja ya kwao na kuichora kwa rangi tatu. Kijani ilikuwa ardhi yenye afya, manjano ardhi iliyochoka, nyekundu ardhi iliyojeruhiwa, ambayo lazima ifungwe ipone. Nilichagua shamba la mzungu upande wa Kaptagat, ambako mjomba wangu alikuwa mkamuaji na aliruhusiwa kufuga ng'ombe wake wanne. Mwenye shamba alikubali kwa sharti kwamba apate nakala, kwa kuwa alitaka kupanga upya malisho na kutengeneza bustani.

Nilipima kwa siku sita, nikaandika kila mti na kila mteremko. Chini ya nyumba za wafanyakazi, kwenye ukingo wa kijito, palikuwa na kipande kisicho na jani hata moja. Ng'ombe walikuwa wameulamba udongo wake wa chumvi miaka mingi, hadi ukingo ukabonyea ndani na kuwa laini kama bakuli. Kila boma lilikuwa na asubuhi yake ya kupeleka mifugo pale, na hakuna aliyeingilia zamu ya mwenzake. Nilipajua vizuri, nilichunga hapo utotoni.

Nilipaka nyekundu.

Mjomba alipotoka kukamua aliinama juu ya karatasi yangu, mikono ingali inanuka maziwa.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Watu hatuwachori, mjomba."

"Na ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

"Basi umechora shamba la marehemu." Akacheka, kisha akaona ile rangi. "Na hii?"

"Ni mahali udongo umeharibika."

"Umeharibiwa na nani? Si wewe uliyekuwa ukilamba hapo pamoja na ndama, mpaka mama yako akakucharaza? Andika kwamba ni chumvi. Wakipafunga, ng'ombe wangu watakwenda wapi?"

Nikaahidi kuandika, na nilikusudia kweli. Lakini nilipokaa kunakili kwa wino niliona aibu. Darasani hakuna aliyewahi kutaja ardhi tupu yenye faida. Niliogopa mwalimu atadhani ninatetea desturi za kwetu badala ya kusoma udongo. Nafasi niliyoyaachia maneno hayo niliijaza kwa mshale wa kaskazini.

Chuoni mwalimu aliinua ramani yangu mbele ya darasa zima. Nilifurahi sana, sitaficha.

Likizo iliyofuata nilikuta seng'enge imezunguka kile kipande, na miche ya saiprasi imepandwa ndani. Kwa kukosa chumvi, ng'ombe wa mjomba walikuwa wakitafuna mifupa na magunia, manyoya yamewasimama. Mmoja alikuwa amekula mkono wa koti la mjomba kwenye kamba ya nguo.

"Uliandika?" aliniuliza.

"Hapana, mjomba."

Aliendelea kuosha ndoo.

Nilichora ramani nyingine, nikaeleza kila kitu, nikampelekea mwenye shamba. Alizilaza zote mbili mezani.

"Ipi kati ya hizi imechorwa na mwanafunzi wa chuo?"

"Zote, bwana."

"Na mwalimu wako alisifu ipi?"

"Ya kwanza."

Akaikunja ile ya pili taratibu, akanirudishia.

Wiki hiyo mjomba aliamua kuwapeleka ng'ombe kwa ndugu zetu karibu na Turbo. Yeye angebaki shambani akikamua ng'ombe wa mwenye shamba. Tuliwaswaga pamoja asubuhi, na njia ilipita kando ya kijito. Walipofika kwenye seng'enge walisimama wote wanne, wakapitisha ndimi kati ya nyaya. Mjomba aliwaita kwa majina, akapiga mbinja, wasisogee. Mwishowe akaketi juu ya jiwe, akaangalia pembeni.

"Wachape wewe," alisema.

Nikakata fimbo, nikawachapa.