Maji ya Skaneri Hayagawanywi

"Skaneri mu Butembo? Na hii umeme yenye inakatika kila saa? Mutoto wa muuza maharagi anaota!" Ndivyo walivyosema. Wengine waliapa kwamba nitarudi kutoka ng'ambo na koti tu. Nilirudi na diploma ya udaktari wa picha, na mashine ikapita matope yote, ikafika, ikawaka. Leo, toka Beni mpaka Butembo, anayetaka tumbo lake lionwe ndani bila kisu huja kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Mama mdogo aliyenilea alipopatikana na kansa ya utumbo mpana, nilimleta mwenyewe kutoka Mangina. Daktari wa upasuaji alikuwa na swali moja: kansa imebaki pale pale, au imeenea kwenye utando unaofunika tumbo kwa ndani? Kama imebaki, atakata. Kama imeenea, hatamfungua bure.

Kabla ya picha, mgonjwa hunywa chupa kubwa ya maji yenye dawa ili utumbo ujae na uonekane vizuri. Nilimkabidhi yake, nikaenda kuandaa mashine. Picha zilipotoka, niliona vinundu kando ya utumbo: kimoja, viwili, vitano. Mimi ninayewapa wagonjwa wengine habari zao kwa sauti kavu nilishindwa kuandika neno "imeenea".

Nikatoka kuvuta pumzi. Mbele ya choo, ndugu wanne waliomsindikiza walikuwa wanasukumana.

"Toka basi! Umelala mule?"

"Ngoja weye, tumbo inanikata!"

Dawa ile huendesha tumbo. Nikarudi mbio.

"Mama mudogo, ile chupa ulikunywa yote?"

"Nilikunywa kopo moja. Ingine nilibagawia."

"Juu ya nini?"

"Batu benye balinisindikiza, babaki banaangalia koo yangu tu? Kukunywa peke yako mbele ya batu ni tabia ya mulozi. Sikukufundishaka vile?"

Kopo moja! Utumbo mtupu hujikunja, na mkunjo wake kwenye picha hufanana kabisa na kinundu. Kesho yake asubuhi nilikaa naye benchini, yeye na chupa yake, mimi na kopo la chai, tukanywa funda kwa funda. Bila hivyo asingemeza.

"Dokta muzima," akanicheka, "unanichunga kama mbuzi."

Safari hii vinundu havikuwepo. Utando ulikuwa mwembamba, laini. Nikamwambia daktari wa upasuaji hata lile nisilopenda kulisema juu ya mashine yangu: chembe ndogo kuliko punje ya mtama inaweza kuikwepa, kwa hiyo atazame kwa macho yake. Alipomfungua, alitazama kila pembe. Hakukuta kitu. Akakata.

Mama mdogo alipoamka, aliuliza kwa sauti ndogo, "Balikata?"

"Balikata, mama."

"Yote?"

"Yote yenye tuliona."

Akanishika kidole, akafumba macho. "Basi uniache nilale."